Istilahi na Ngazi ya Masomo: Tahakiki ya Mwongozo Mmoja wa Shahada ya Saikolojia

Utangulizi

Miongozo ya masomo ya vyuo vikuu iliyofasiriwa kwa Kiswahili imeanza kutufikia mezani. Hilo ni jambo la kupongezwa. Hata pale ambapo mihadhara hutolewa kwa Kiingereza, wapo watu wengi wanaohitaji kujua shahada fulani imejengwaje: mzazi anayetafuta karo, mwalimu wa sekondari anayewashauri wanafunzi wake, ofisa anayepitisha maombi ya mkopo, na mwajiri anayetaka kujua mhitimu aliyesimama mbele yake amesoma nini. Wote hao husoma mwongozo kabla ya kuamua. Kwa hiyo mwongozo ni hati ya kutendea kazi, na kosa la istilahi ndani yake humwangukia mtu aliye hai.

Madhumuni ya makala haya ni kuuhakiki mwongozo mmoja wa aina hiyo, unaohusu shahada ya kwanza ya saikolojia ya miaka mitatu. Hatutalitaja jina la chuo wala la mfasiri. Nia yetu si kumwaibisha mtu, na makosa tutakayoyaonyesha yamo pia katika kazi za wengine, zikiwamo zetu sisi wenyewe tulioshika kalamu ya istilahi. Tutaanza na mpango wa shahada yenyewe, kisha tutaangalia maneno yanayoushika mpango huo, na mwisho maneno ya taaluma.

Shahada hii hupangwaje?

Saikolojia ni taaluma changa ikilinganishwa na falsafa iliyoizaa. Kwa kawaida mwanzo wake kama sayansi ya maabara huhesabiwa kutoka mwaka 1879, Wilhelm Wundt alipofungua maabara yake mjini Leipzig, Ujerumani. Tangu hapo imepanuka mno, na hakuna mwanafunzi awezaye kuimaliza yote kwa miaka mitatu au minne. Ndiyo maana vyama vya taaluma hiyo vimejaribu kueleza kipi kisikosekane. Chama cha wanasaikolojia cha Uingereza, kilichoanzishwa mwaka 1901, huzitaka shahada zinazotambuliwa nacho zigusie maeneo haya: misingi ya kibiolojia, utambuzi, makuzi, mahusiano ya jamii, tofauti za watu binafsi, historia na dhana za taaluma, na mbinu za utafiti. Chama cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1892, kimetoa mwongozo wa shahada ya kwanza na kuurekebisha mara kadhaa, hivi karibuni mwaka 2023.

Jambo la kuzingatia ni kwamba maeneo hayo hayakupangwa kama bidhaa dukani, kila mtu akachukua alitakalo kwa wakati autakao. Yamepangwa kama ngazi. Mwanafunzi huanza na somo la utangulizi. Hufuata takwimu, kwa sababu bila hesabu ya wastani, mtawanyiko na uwezekano hawezi kusoma ripoti yoyote ya utafiti. Takwimu humfungulia mbinu za utafiti, nazo mbinu za utafiti humfungulia tasnifu ya mwaka wa mwisho. Masomo mengine huegemea ngazi hiyo kutoka pande zote. Anayevunja kidato kimoja hawezi kukirukia cha juu yake.

Basi katika mwongozo wa aina hii istilahi muhimu kuliko zote si zile za Wundt wala za Freud, bali zile zinazomwambia mwanafunzi kipi hutangulia na kipi hufuata. Na hapo hasa ndipo mwongozo tunaouhakiki ulipokosea zaidi.

Maneno ya mpango

Dhana ya somo ambalo lazima lifaulu kabla ya jingine kuanza imefasiriwa mwongozoni kwa njia tatu. Mara ni "sifa", mara ni "sharti", mara ni "mahitaji". Neno la kwanza huleta fikra za vyeti vya kuingilia chuo. La pili ni zito na la jumla. La tatu kila mwenye nyumba analijua: mahitaji ni unga, mafuta na sabuni. Lakini tatizo kubwa si wingi wa maneno. Tatizo ni kwamba hakuna hata moja kati ya hayo matatu linaloonyesha upande. Katika ukurasa wa Takwimu imeandikwa hivi: "Somo hili ni la mahitaji, pamoja na Mbinu za Utafiti." Je, Takwimu huzihitaji Mbinu, au Mbinu huihitaji Takwimu?

Kijana mmoja alifika ofisini petu na mwongozo huo mkononi, akiwa ameupigia mstari ukurasa huo. Yeye aliuelewa kwamba Mbinu hutangulia. Mwaka wa kwanza akaiacha Takwimu, akachukua masomo mengine mahali pake. Mwaka wa pili, muhula wa pili, alipotaka kujiandikisha kwa Mbinu, akaambiwa hana Takwimu. Takwimu hufundishwa muhula wa kwanza peke yake. Akaisoma mwaka wa tatu, muhula wa kwanza. Mbinu akazisoma muhula uliofuata. Tasnifu ikasogea hadi mwaka wa nne ambao haukuwamo katika mkopo wake wala katika mfuko wa baba yake. Hakuja kwetu kudai fidia, kwani sisi hatukuwa tumeiandika hati ile. Alikuja kuuliza swali moja: "Kwa Kiswahili sahihi, mimi ndiye niliyekosea kusoma?" Tulimjibu kwamba hakukosea. Sentensi ile inazibeba maana zote mbili, na mfasiri wa hati ya namna hii hana ruhusa ya kuandika sentensi yenye maana mbili.

Kwa maoni yetu, dhana hii yafaa iitwe "somo tangulizi". Kivumishi hiki kina upande ndani yake: kitangulizi hakiwezi kuwa nyuma. Tena chaweza kuandamana na kinyume chake, "somo fuatizi", na jamaa yake wa tatu, "somo sanjari", yaani lile linaloruhusiwa kusomwa muhula mmoja na jingine linalolitegemea. Katika kila ukurasa wa mwongozo yangeandikwa mambo mawili kwa mstari mfupi: "Tangulizi: Takwimu. Fuatizi: Tasnifu." Hapo hata msomaji wa haraka hapotei.

Kosa la pili la aina hiyo ni "somo la hiari". Kwa Kiswahili, jambo la hiari mtu aweza kulifanya au kuliacha kabisa. Lakini mwongozo huo huo, katika ukurasa mwingine, unamtaka mwanafunzi achukue matatu kati ya saba ya "hiari". Asiyechukua hata moja hahitimu. Hiyo si hiari, ni kuchagua. Tunashauri "somo la kuchagua" litumike pale ambapo idadi ni ya lazima na aina ni ya mwanafunzi, na "somo la hiari" libakie kwa lile ambalo kweli laweza kuachwa.

La tatu ni "krediti". Neno hili limekwisha kuzoeleka na hatuna ugomvi nalo. Ugomvi wetu ni kulichukulia kana kwamba ni kipimo kimoja dunia nzima, kama mita au kilo. Nchini Uingereza shahada ya heshima ya miaka mitatu huwa na krediti 360, na krediti moja hukadiriwa kuwa saa 10 za kujifunza. Katika utaratibu wa vyuo vya Ulaya, mwaka mmoja wa masomo ni krediti 60, na krediti moja ni saa 25 hadi 30. Marekani, shahada ya miaka minne kwa kawaida huwa na krediti zipatazo 120, zinazohesabiwa kwa saa za darasani kwa wiki katika muhula. Mfasiri aliyeunganisha vipande vya miongozo ya nchi hizo katika hati moja, kama alivyofanya huyu, amechanganya pishi na kibaba. Ofisa anayelinganisha vyeti atamdhulumu mmoja na kumpendelea mwingine bila kujua. Dawa yake ni rahisi: popote krediti inapotajwa mara ya kwanza, thamani yake kwa saa itajwe pia.

Maneno ya taaluma

Tukija kwenye majina ya masomo, kwanza tusifu panapostahili. Mfasiri ameandika "Saikolojia ya Makuzi", na hakuteleza akaandika "ya Malezi". Malezi ni kazi ya mzazi. Makuzi ni mabadiliko ya mtu mwenyewe, tangu tumboni hadi uzeeni. Vivyo hivyo "kumbukumbu" imetumika vizuri, ijapokuwa watumishi wa serikali watatabasamu, maana kwao kumbukumbu ni mihtasari ya vikao na namba iliyo juu ya barua. Muktadha unatosha kutenganisha maana hizo.

Muktadha hautoshi lakini kwa neno "jaribio". Mwongozo una somo liitwalo "Majaribio katika Saikolojia" mwaka wa pili na jingine "Majaribio ya Kisaikolojia" mwaka wa tatu. Tulipoyasoma maelezo yake tuliona ya kuwa la kwanza ni kubadili jambo moja kwa makusudi katika maabara na kuangalia jingine linabadilikaje. La pili ni vile vipimo vya akili na vya tabia, ambavyo mfano wake maarufu wa awali ni kile cha Alfred Binet na Théodore Simon cha mwaka 1905, huko Ufaransa. Hizo ni kazi mbili tofauti kabisa. Tena mwanafunzi ana jaribio la tatu, lile analopewa na mwalimu wake kila baada ya wiki kadhaa. Tunashauri jaribio libakie kuwa la maabara. Kazi ya pili iitwe "upimaji wa kisaikolojia". Na la mwalimu liitwe "zoezi la kupimwa" au "mtihani mfupi".

Yapo pia maneno yenye kuwadhuru hata wale ambao hawatasoma shahada hiyo. Katika maelezo ya Takwimu imeandikwa kwamba mwanafunzi atajifunza kutambua "matokeo muhimu". Kinachokusudiwa ni matokeo ambayo, lau kusingekuwa na tofauti yoyote ya kweli, yangetokea kwa nadra kwa bahati tu, kwa kawaida chini ya mara 5 katika 100. Hilo si jambo la umuhimu. Tuseme njia mbili za kufundisha kusoma zimelinganishwa kwa maelfu ya wanafunzi, na moja imeishinda nyingine kwa nusu alama katika 100. Kwa wingi wa watoto hao, tofauti hiyo yaweza kupita kipimo cha takwimu, lakini hakuna mwalimu atakayeiona darasani. Ofisa akisomewa ripoti kwamba tofauti ni "muhimu", ataagiza vitabu vipya kwa nchi nzima. Wanaisimu wetu wamekuwa na "sifa bainifu" kwa muda mrefu. Tunapendekeza takwimu nazo ziazime hapo: "tofauti bainifu kitakwimu". Muhimu na iwe muhimu.

"Motisha" nayo imekwisha kushikwa na ofisi. Mtumishi akisikia motisha huwaza posho, zawadi ya mfanyakazi bora, pengine nyumba ya kukaa. Saikolojia inayo dhana hiyo, yaani kivutio kilicho nje. Lakini inayo pia dhana ya nguvu iliyo ndani, kama njaa, udadisi au haja ya kupendwa. Mwongozo unaziita zote motisha. Lugha yetu haina upungufu hapa: "msukumo" ni wa ndani na "motisha" ni ya nje. Kuziunganisha ni kumwibia mwanafunzi tofauti ambayo somo zima limejengwa juu yake.

"Haiba" ni kesi ngumu zaidi. Katika mazungumzo ya kila siku, kusema mtu ana haiba ni kumsifu. Katika saikolojia, kila mtu ana haiba, mpole na mkorofi. Neno limekwisha kuota mizizi vitabuni, nasi hatushauri ling'olewe, ila kila mwongozo ueleze mara moja kwamba hapa halina sifa wala lawama.

Tofauti na hilo, jina "Saikolojia ya Wendawazimu" halina utetezi. Somo lenyewe linahusu pia hofu zilizopita kiasi, sonona, matatizo ya usingizi na mengine ambayo hakuna Mswahili angeyaita wendawazimu. Jina hilo linapunguza mawanda ya somo na kumtia mgonjwa fedheha. Tunaweza kufikiri mzazi atasema nini akiliona katika orodha ya masomo ya binti yake. "Saikolojia ya Matatizo ya Akili na Tabia" ni ndefu, lakini ni ya haki.

Makosa tuliyorithi

Yapo makosa ambayo mfasiri wetu hakuyaanzisha, aliyarithi. Ivan Pavlov, mtaalamu wa Kirusi aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa uchunguzi wa usagaji wa chakula, aliona kwamba mbwa huweza kudondokwa na mate kwa kusikia sauti iliyokuwa ikiandamana na chakula. Mwitikio huo aliuita kwa kivumishi cha Kirusi chenye maana ya "unaotegemea hali fulani". Kiingereza kikakifasiri kana kwamba ni jambo alilotendewa mnyama, na kosa hilo likaenea duniani. Mwongozo wetu, ukifasiri kutoka Kiingereza, umeandika "Kujifunza kwa Masharti". Matokeo yake, katika orodha ambayo tayari imejaa masharti ya kujiandikisha, msomaji hudhani hilo ni somo linalotolewa kwa ruhusa maalumu!

Wengine wamependekeza "mwitikio uliozoeshwa". Hatukubaliani nao, kwa kuwa "kuzoea" kunahitajika kwa dhana nyingine: kichocheo kikirudiwarudiwa, mwitikio hufifia, kama mkazi wa karibu na reli asivyoamshwa na treni. Sisi tunaona afadhali kurudi kwa Pavlov mwenyewe na kusema "mwitikio tegemezi", kwa mfano wa kishazi tegemezi ambacho kila mwalimu anakijua, na kinyume chake "mwitikio asilia". Tendo la kujifunza liitwe "kujifunza kwa kufungamanisha".

Mfano wa Freud unafanana na huo. Yeye aliandika kwa maneno ya Kijerumani cha nyumbani: "mimi", na kile kisicho na jina ndani yetu, na "mimi" iliyo juu ikikemea. Wafasiri wa Kiingereza waliyavika maneno hayo Kilatini, na Bruno Bettelheim aliwalaumu kwa hilo mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwongozo wetu umechukua Kilatini hicho na kukipa irabu za Kiswahili: "igo", "idi" na "supaigo". Mtu wa pwani akisoma kwamba idi imekandamizwa, atauliza nani aliyezuia sikukuu. Hapa hatuna jibu lililokwisha kuiva. "Umimi" hautufai, maana ni uchoyo. Twaweza kujaribu "Mimi", "Kile" na "Mimi-Mkuu", kwa herufi kubwa, lakini tungependa walimu wayajaribu darasani kabla hatujayapitisha.

Nani aitwe mwanasaikolojia?

Kosa la mwisho liko katika ukurasa wa kwanza: "Mhitimu atakuwa mwanasaikolojia." Kiambishi "mwana-" ni kikarimu. Anayesoma historia ni mwanahistoria, anayesoma sheria ni mwanasheria. Lakini katika sheria tunalo neno jingine, wakili, kwa yule aliyepewa idhini ya kusimama mahakamani. Saikolojia haina wakili wake, na hapo wanafunzi hudanganyika. Katika majimbo mengi ya Marekani, anayetaka kutibu kwa kujitegemea hutakiwa kuwa na shahada ya uzamivu na leseni. Uingereza imelinda kisheria majina ya wanasaikolojia watoa huduma tangu mwaka 2009. Kenya ilitunga Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia mwaka 2014. Shahada ya kwanza ni mwanzo wa safari hiyo. Mwanafunzi anayepanga masomo yake akidhani miaka mitatu inatosha, hupanga maisha yake vibaya. Tunashauri isemwe "mhitimu wa saikolojia" kwa mwenye shahada, na "mwanasaikolojia msajiliwa" kwa mwenye idhini.

Hitimisho

Wapo watakaosema kwamba matatizo haya yote yangekwisha kama tungeyachukua maneno ya Kiingereza jinsi yalivyo. Tumeonyesha kwamba sivyo: krediti na idi yamechukuliwa, na mkanganyiko umebaki. Wapo pia watakaosema tuunde kila neno kutokana na mizizi ya Kibantu. Nao tunawajibu kwamba kijana aliyepoteza mwaka hakupotezwa na neno la kigeni. Alipotezwa na "mahitaji", neno la Kiswahili tupu.

Kosa liko katika kuunda istilahi moja moja, bila kuitazama hati nzima. Na hilo ni kosa letu pia. Orodha tunazozitoa hupangwa kwa alfabeti, na katika alfabeti jaribio la maabara na jaribio la darasani hayagongani kamwe. Hugongana katika ratiba ya mwanafunzi. Kwa hiyo tunapendekeza kwamba kila mwongozo unaofasiriwa upitiwe na watu watatu kabla ya kuchapwa: mwalimu wa taaluma, mtu wa istilahi, na mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza, ambaye ataambiwa apange masomo yake ya miaka mitatu kwa kuutumia mwongozo huo peke yake. Akikosea, hati irudi mezani.

Wasomaji, hasa walimu wa saikolojia na maofisa wa mikopo, wanaombwa watuletee maoni yao juu ya istilahi tulizozipendekeza hapa, zaidi juu ya zile za Freud, ambazo hatujaridhika nazo.